Ngome ya Mombasa: Kutoka Jela Hata Kuwa Makumbusho

Maji ya hori ya Tudor, baada ya kupita chini ya daraja la Nyali, huteremka hata mlango wa bandari ya kale, na hapo, juu ya jabali la matumbawe, ndipo ilipo ngome ambayo Wareno waliijenga baina ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya mhandisi wa Kitaliani, Giovanni Battista Cairati, wakaipa jina la Yesu, na ambayo leo ndiyo makumbusho makuu ya mji wetu. Wageni waingiapo husimuliwa habari za Wareno na za Waomani, na ni haki yao kusimuliwa; walakini kwa rai yangu, zama zilizo karibu nasi kuliko zote, ambamo babu zetu walilijua jengo hilo kwa kuliogopa, hupitiwa kwa haraka kama jambo la kuonewa haya.

Wala sisemi kwamba tarikhi ya kale haistahiki kusimuliwa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walimlea Goa katika dini ya Kikristo wakamwita Dom Jerónimo Chingulia, aliingia ngomeni akamuua kapiteni wao na kurejea katika Uislamu, kisha mwaka uliofuata akaihama ngome na Wareno wakairudia. Vita vilivyo vikubwa zaidi vilianza tarehe 13 Machi 1696, jeshi la Imam Saif bin Sultan wa Omani lilipoizingira ngome, na mazingiwa hayo yakadumu miezi 33, hata maradhi na njaa vikawamaliza waliokuwamo kuliko mizinga. Katika mwaka 1697, Wareno walipokwisha kufa karibu wote, aliyeishika ngome kwa niaba yao alikuwa Bwana Daud wa Faza pamoja na jamaa zake wachache na watu wengine, wake kwa waume. Kwa hiyo wale wadhanio kwamba vita hivyo vilikuwa baina ya Mreno na Mwarabu peke yao, na Waswahili wakitazama tu kutoka barazani, hawajaisoma habari hii vizuri. Ngome ilianguka tarehe 13 Disemba 1698.

Zama za ukoo wa Mazrui, waliotawala Mombasa hata Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, alipowaondoa mwaka 1837, zingehitaji makala ya peke yake. Nataja tu kwamba mwaka 1875, akida wa ngome alipomwasi Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga, na kwamba kisa hicho kiliandikwa kitabu na mtu wa hapa hapa, Liwali Mbarak Ali Hinawy, mwaka 1950. Wakati huo ngome aliyokuwa akiieleza ilikuwa ingali imejaa wafungwa.

Kwani tangu mwaka 1895 Waingereza waliifanya jela, na jela ikawa kwa muda wa miaka 63, ambao ni muda mrefu kuliko uhai wa watu wengi. Ukuta uliojengwa kumzuia adui asiingie ukawa wa kumzuia raia asitoke. Nami nathubutu kusema, ingawa si sifa njema, kwamba huenda jela ndiyo iliyoinusuru ngome, maana kiwanja kizuri kama kile, kilicho ufuoni na katikati ya mji, kingekuwa wazi, wenye tamaa ya kujenga wasingekosekana.

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa na mahali pakatangazwa kuwa amana ya taifa. Fedha za kutengeneza zilitolewa na wakfu wa Gulbenkian ulioko Lisbon, hata ikawa mji mkuu wa wale wale waliofukuzwa mwaka 1698 ndio ulioleta mali ya kuziba nyufa. Kazi ilisimamiwa na James Kirkman, ambaye kabla ya hapo alikuwa amechimbua magofu ya Gede. Akabomoa majengo ya jela ili yaliyo chini yake yaonekane, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960. Mchimbuzi hawezi kuona tabaka la chini bila ya kuondoa la juu, na kwa hiyo simlaumu. Lakini lililoondolewa lilikuwa letu.

Vilivyokusanywa tangu hapo ni vingi na ni vya thamani: vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa katika miji ya kale ya pwani, milango ya nakshi, na vitu vilivyotolewa baina ya 1977 na 1980 katika jahazi la kivita la Kireno, Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome mwaka 1697 lilipokuja kuwaokoa waliozingiwa. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika ngome katika urithi wa dunia.

Lakini katika nyumba za Tudor, Makadara na Mji wa Kale wangali wapo wazee waliopeleka chakula mlangoni pale, na watoto wa askari wa jela, na wajukuu wa waliofungwa. Mwenye picha, barua ya kuachiliwa au masimulizi ya zama hizo, nawaomba wasomaji, na aipeleke kwa wahifadhi wa makumbusho, na asiye na karatasi amkalishe mzee wake amwandike, kabla mwaka huu haujesha.