Mizani ya Tisa

Mkulima anayeuza mahindi yake Mnazi, wilayani Lushoto, haangalii mizani peke yake; huangalia na kalamu ya mwenye kuandika. Kwani haki ya mtu hupotea katika jiwe la mizani, na hupotea katika tarakimu pia.

Wanahisabu wa Kiislamu walilijua hilo zamani. Tarakimu hizi tuzitumiazo asili yake ni Bara Hindi, na hisabu yake ilifanywa juu ya ubao wa vumbi: mtu huandika, hufuta, huandika tena. Mwisho hubaki jibu peke yake, na kosa limekwenda na vumbi. Mwaka 341 Hijria (952–953), mjini Damascus, Abul-Hasan al-Uqlidisi aliandika kitabu kufundisha hisabu hiyo kwa wino na karatasi, akaeleza pia namna ya kulipima jibu kwa kuondoa tisa tisa. Kipimo cha namna hii Waarabu walikiita mizani.

Njia yenyewe ni hii: jumlisha tarakimu za nambari mpaka ibaki moja. Hiyo ndiyo baki ya kugawanya kwa 9. Na ikitoka 9, basi nambari yagawanyika bila baki. Sababu ni nyepesi. 10 ni 9 na 1. 100 ni 99 na 1. Kila kumi na kila mia, ikiondolewa tisa zake, huacha moja.

Tuseme magunia ni 47, kila moja kilo 85. 4 na 7 ni 11, yaani 2. 8 na 5 ni 13, yaani 4. 2 mara 4 ni 8. Jibu ni kilo 3,995. Tarakimu zake ni 32 ukitoa 6, yaani 26, nayo ni 8. Zimelingana. Karani akiandika 3,985 hutoka 7, na kosa limefichuka.

Lakini akipindua tarakimu akaandika 3,959, hutoka 8 vile vile, na kilo 36 za mkulima zimepotea. Mizani hii humfichua aliyekosea, wala haimtakasi kila aliyepita.

Wako wapigao falaki huku pwani, hujumlisha herufi za jina kwa abjadi, wakaondoa 12 12, na baki wakaifanya nyota ya mtu. Hao huitaka baki iseme yajayo; baki ya tisa haisemi hata yote yaliyokwisha kuandikwa.

Basi tuwafundishe watoto wetu kipimo hiki, kwani zaka na mirathi ya yatima hugawanywa kwa hisabu. Kisha tuwafundishe kuhesabu mara ya pili. Palipoishia mizani ndipo huanza uaminifu.