Jina Kwanza, Cheti Baadaye

Ukiomba kazi, mara nyingi jina lako husomwa kabla ya cheti. Mambo haya hayakuanza jana.

Mwaka 1915 mkoloni alipitisha sheria ya kipande, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alivaa shingoni kikopo cha chuma, ndani mna karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na mshahara wake. Mzungu hakuvaa. Huku kwetu Bonde la Ufa, kwenye mashamba ya walowezi, tajiri asipotia sahihi ya kukuachilia, basi hupati kazi kwingine. Mwaka 1922 Harry Thuku alikamatwa kwa kuyapinga haya.

Kipande kiliondoka, mazoea yakabaki. Baada ya uhuru, Wanubi na Wasomali wa Kenya wakiomba kitambulisho waliitwa mbele ya kamati kuhojiwa asili yao. Na bila kitambulisho, nani atakuandika? Februari 2025 ndipo Rais Ruto alitia sahihi agizo la kuondoa uhakiki huo kaunti za mpakani.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mwombaji kwa rangi, kabila au dini. Lakini je, sisi wenyewe tukitaka mtu wa duka, si huuliza, "Huyo ni wa nani?" Mtume (s.a.w.) alimpa Bilal, Mhabeshi aliyekuwa mtumwa, kazi ya kuadhini. Hakutazama ukoo. Ramadhan hii, tuanze na milango yetu.