Meno 35 kwa Meno 8

Mmenizoea nikiandika humu kuhusu riwaya na washairi. Leo nivumilieni. Kwa miezi mitatu sasa, kitabu nilichokisoma kwa makini kuliko kingine chochote ni kijitabu cha mwongozo wa gari, Volkswagen 1200 ya mwaka 1964. Na ukurasa ulioninyima usingizi una namba tano tu: 3.80, 2.06, 1.32, 0.89 na 4.375.

Gari lilikuwa la baba. Alikuwa mwalimu Iringa, akalinunua likiwa limeshatumika, akalitunza mpaka alipofariki. Wajerumani waliliita mdudu. Sisi nyumbani tuliliita Kobe, kwa umbo lake na, tuseme ukweli, kwa mwendo wake. Kwenye urithi hakuna aliyelipigania. Likaja kwangu Dar es Salaam likiwa na giaboksi inayolia kama mashine ya kusaga mahindi.

Fundi niliyempelekea ni mzee aliyeanza kazi hizi kabla sijazaliwa. Aliifungua giaboksi, akanionyesha meno yaliyolika, kisha akatandika gunia na kupanga juu yake seti tatu za krauni na pinioni.

"Hii ni 35 kwa 8, ndiyo iliyokuja na gari lako. Hii ni 33 kwa 8, inatoka kwenye 1500. Na hii 31 kwa 8, ya zile 1600 za mwishomwisho. Zote nzima. Chagua, mwanangu. Ila kwanza niambie, unaijengea barabara ipi?"

Nikajibu bila kufikiri: "Ya lami, mzee. Ya masafa."

Akatikisa kichwa, wala hakuniambia kama nimepata au nimekosa. Akasema nikalale nayo kwanza. Basi nikalala nayo, na ndipo nilipogundua kwamba swali lake ni la kihistoria kabisa.

Kwa wasiozoea mambo haya, uwiano wa gia ni hesabu ya meno tu. Pinioni yenye meno 8 ikiizungusha krauni yenye meno 35, pinioni itazunguka mara 4.375 ili tairi lizunguke mara moja. Ukizidisha hiyo kwa gia uliyoweka, unapata injini inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko wa tairi. Kwa gia ya kwanza ya Kobe ni 3.80 mara 4.375, yaani zaidi ya 16. Kwa gia ya nne, 0.89 mara 4.375, ni kama 3.9. Namba ikiwa kubwa, gari lina nguvu na halina mbio. Ikiwa ndogo, lina mbio lakini mlima unalishinda. Huwezi kupata vyote viwili, kwa hiyo anayechagua namba anachagua barabara. Analazimika kuamua gari litapita wapi, litabeba nini, na nani atalisubiri nani.

Sasa, waliochagua mwanzo walikuwa akina nani?

Mwaka 1934 serikali ya Hitler ilimpa Ferdinand Porsche kazi ya kubuni gari la watu wa kawaida. Masharti yalikuwa libebe watu wazima wawili na watoto watatu, liweze kwenda kilomita 100 kwa saa kwa muda mrefu kwenye barabara kuu mpya, Autobahn, na bei isifike Reichsmark 1,000. Injini ikawekwa nyuma, ikapozwa kwa hewa badala ya maji. Wajerumani wengi hawakuwa na mahali pa kulaza gari, na hewa haigandi wakati wa baridi.

Tazama basi giaboksi ya magari yale ya mwanzo. Gia ya nne ilikuwa 0.80, krauni na pinioni 4.43, meno 31 kwa 7. Zidisha, unapata kama 3.5. Tairi lake lilimeza karibu mita 2 kila lilipozunguka. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, gari linakwenda kilomita 100 na kidogo kwa saa. Yaani lile sharti la 1934 limo ndani ya meno yale, limechongwa kwenye chuma. Ni gia ndefu sana kwa injini isiyofika nguvu farasi 25. Lakini kwa barabara pana, iliyonyooka, yenye mwinuko mdogo, ilitosha: injini inazunguka polepole, haichoki, na dereva anaweza kukanyaga mafuta mpaka mwisho siku nzima.

Hiyo ndiyo barabara waliyoahidiwa Wajerumani. Watu wapatao 336,000 walijiunga kwenye mpango wa kununua stempu za Reichsmark 5 kila wiki ili waje kupata gari. Hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa. Vita ilianza, kiwanda kikageuzwa kuwa cha jeshi, kikaendeshwa kwa sehemu kubwa na watu waliolazimishwa kufanya kazi. Siwezi kulipenda gari la baba nikajifanya silijui hilo.

Na vita ilipoanza, gia zikabadilika. Jeshi lilitaka gari jepesi la kwenda sambamba na askari wanaotembea kwa miguu. Gari la kawaida kwenye gia ya kwanza lilishindwa kwenda chini ya kilomita 8 kwa saa. Jeshi lilitaka 4, mwendo wa askari mwenye mzigo. Wahandisi hawakuanza upya. Waliongeza gia ndogo za kupunguza mwendo kwenye ncha za ekseli, karibu na matairi ya nyuma. Gari likapata nguvu zaidi na pia likainuka juu ya tope. Barabara iliyofikirika haikuwa tena Autobahn. Sasa ilikuwa njia ya mchanga na matope katika nchi za watu wengine. Ajabu ya historia ni kwamba kifaa hichohicho kilirudi mwaka 1950 kwenye Kombi, na kwa miaka mingi kila Kombi iliyobeba mizigo, watawa na watalii huku kwetu ilikuwa na urithi ule wa jeshi kwenye matairi yake ya nyuma.

Baada ya vita Waingereza walioushika mji wa Wolfsburg walikifufua kiwanda, wakaagiza magari 20,000 kwa matumizi yao. Kuanzia hapo mdudu akaanza kusafiri. Agosti 1960 ilitoka giaboksi mpya, na gia ya kwanza nayo ikawa inaingia bila kugoma hata gari likiwa kwenye mwendo. Ndipo zilipozaliwa namba za kijitabu changu. Gia ya nne ilifupishwa ikawa 0.89. Injini ilikuwa na nguvu farasi 34 kwenye mizunguko 3600, na ukipiga hesabu, mizunguko hiyo kwa gia ya nne inakupa kilomita 110 hivi kwa saa, karibu kabisa na ukomo wa gari lenyewe. Injini inafika kileleni pale gari linapofika mwisho. Hiyo si bahati. Mtu alikaa na kalamu.

Mimi nami nilikaa na kalamu. Nikifunga 31 kwa 8, kilomita 80 kwa saa zitanigharimu mizunguko 2300 badala ya 2600. Kelele itapungua, mafuta yatapungua, na injini ya zaidi ya miaka 60 itapumzika. Kutoka Dar mpaka Mikumi ningekwenda kama mtu na gari lake. Nilimpigia fundi simu nikamwambia nimeamua.

"Sawa," akasema. "Na feni umeihesabu?"

Sikuwa nimeihesabu. Hapa ndipo gari linalopozwa kwa hewa linapotofautiana na mengine yote. Kwenye gari la rejeta, gia ni jambo la mwendo na nguvu. Kwenye Kobe, gia ni jambo la pumzi vilevile. Feni imefungwa kwenye shafti ya jenereta, na jenereta inazungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikizunguka haraka, feni inavuta hewa nyingi. Injini ikizunguka polepole, hewa inapungua. Upepo wa barabarani haisaidii sana injini iliyofichwa nyuma. Kwa hiyo ukipanda mlima kwa gia ndefu, huku umekanyaga mafuta, unaiomba injini izalishe joto jingi wakati ambapo umeinyima hewa. Wa kwanza kuumia ni silinda namba 3, maana kwenye magari ya miaka ile kipoza oili kimesimama njiani mwa hewa inayoiendea. Valvu yake ikikatika, safari imeishia hapo.

Sasa chukua 31 ugawe kwa 35. Kwa mwendo uleule na gia ileile, injini na feni yake vinazunguka pungufu kwa zaidi ya asilimia 11. Ongeza na urefu wa nchi. Kadiri ya kawaida ni kwamba injini ya aina hii hupoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Iringa iko juu zaidi ya mita 1,500. Zile nguvu farasi 34 zikifika nyumbani kwa baba zimebaki kama 29, na hewa nyepesi inayozinyima nguvu ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kuzipoza.

Nikakumbuka Safari. Mbio zilizoanza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na huyu mdudu alizishinda mwaka 1954 akiwa na Vic Preston na D. P. Marwaha, mwaka 1957 akiwa na Gus Hofmann na Arthur Burton, na mwaka 1962 akiwa na Tommy Fjastad na Bernhard Schmider. Magari yenye injini kubwa yaliachwa kwenye tope. Hakukuwa na maji ya kuchemka, tumbo lilikuwa bapa, na uzito wa injini ulikaa juu ya matairi yanayosukuma. Lakini faida hizo zingekuwa bure mikononi mwa dereva anayeng'ang'ania gia ya nne. Gari hili linamlipa anayeshusha gia mapema.

Na hapo, kumbe, ndipo alipokuwa baba.

Waliopita njia ya Iringa wanaijua Kitonga. Unatoka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, unapita mibuyu, kisha ukuta unasimama mbele yako. Malori yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baba hakungoja gari lichoke. Mlima ukiwa bado unaonekana kwa mbali, alishaweka gia ya tatu, na kabla ya kona ya kwanza alikuwa kwenye ya pili. Injini ililia juu, mabasi yakatupita, watoto wenzangu kwenye madirisha ya mabasi wakacheka. Mimi nilijishusha kwenye kiti nisionekane. Siku moja nilimuuliza kwa hasira kwa nini sisi tu ndio tusiokwenda kama wenzetu.

"Mwache apumue," akasema, bila kugeuza macho barabarani.

Nilidhani anajitetea. Nilidhani ni maneno ya mtu asiye na hela ya gari jingine. Miaka yote hii nimebeba ile aibu, na ninapojichunguza, ndiyo iliyonifanya nijibu "ya lami" kwa haraka namna ile. Nilikuwa nataka kumtengeneza Kobe asiyepitwa. Kumbe baba alikuwa anaisikiliza feni. Hakuwahi kunitajia 4.375 wala silinda namba 3, ila alizijua kwa sikio, na hakuwahi kuunguza injini Kitonga. Wakati wa kurudi alifanya vilevile: gia ileile aliyopandia ndiyo aliyoshukia, injini ikishika badala ya breki. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Gia fupi inamshika anayeshuka pia.

Niliwaza 33 kwa 8, njia ya kati. Ingefaa, kama ningekuwa na injini ya 1500. Sina, na sitaki kumwekea baba injini nyingine.

Wiki iliyopita nilirudi gereji. Fundi alikuwa amekwishaondoa seti mbili juu ya gunia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwa hiyo 35?"

"Ulijuaje?"

"Umesema nyumbani kwenu Iringa."

Amenipa onyo moja: krauni na pinioni huzaliwa pamoja na husagwa pamoja, usichukue moja ya hapa na nyingine ya pale. Kuzikutanisha kutamchukua siku mbili, kwa sababu nafasi kati ya meno hupimwa kwa vipande vyembamba kuliko karatasi. Sina haraka. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitampandisha Kobe nyumbani, tatu mapema, pili kabla ya kona.

Mkinikuta kati ya Chalinze na Morogoro, pigeni honi mpite.