Kijiti, boya na programu: kwa nini geji ya mafuta hudanganya

Leo tuache tarakilishi kidogo tuingie ndani ya gari, ingawa mwishowe mtaona tumerudi kwenye programu tu. Karibu kila mwenye gari kuukuu analalamikia geji ya mafuta. Mshale unapanda polepole, au unakaa F siku tatu halafu unaporomoka, au unasema kuna robo tangi na gari linazima. Si jambo la kuchekesha. Gari likizima kwenye mteremko wa Salgaa usiku, usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu na nyuma yako kuna malori. Ukitaka kujua kwa nini geji yako inadanganya, inafaa ujue ilizaliwa vipi, maana kila kizazi cha geji kina ugonjwa wake.

Zama za kijiti

Ford Model T, iliyouzwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kupita magari milioni 15, haikutoka kiwandani na geji. Tangi la lita 38 hivi lilikuwa chini ya kiti cha mbele. Ukitaka kujua kiasi kilichobaki, unainua kiti, unafungua kifuniko na kutumbukiza kijiti. Petroli ilishuka kwa uzito wake yenyewe, bila pampu, kwa hivyo mafuta yakipungua dereva alipanda mlima kinyumenyume ili tangi liwe juu ya injini! Kijiti kilikuwa sahihi, lakini huwezi kukitumia ukiwa unaendesha.

Model A ya Desemba 1927 ilileta jibu rahisi. Tangi liliwekwa mbele ya dashibodi, na boya likielea ndani yake lilisogeza namba dereva anayoiona. Hakuna waya, hakuna umeme.

Tangi lahamia nyuma

Kukaa na petroli karibu na magoti si wazo zuri, na magari mengi yakahamishia tangi nyuma. Hapo ndipo tatizo la kweli lilipoanza: habari zitasafiri vipi kutoka nyuma hadi mbele? Miaka ya 1920 na 1930 kampuni ya King-Seeley ya Marekani ilitumia hewa. Uzito wa mafuta ulisukuma hewa kwenye bomba jembamba hadi dashibodini, nayo ikainua maji mekundu kwenye kioo. Ugonjwa wake? Bomba likivuja hewa kidogo tu, geji inasema tangi ni tupu hata kama limejaa.

Umeme ndio ulioshinda. Boya lilifungwa mkono unaoteleza juu ya rezista, na waya mmoja ukapeleka habari mbele. Ila watu waligawanyika kuhusu jinsi ya kusogeza mshale. Njia moja ilikuwa koili mbili za sumaku zinazovutana. Hiyo ni nyepesi, lakini mafuta yakitikisika na mshale unacheza ngoma. Njia ya pili ilikuwa ukanda wa metali mbili uliozungushiwa waya. Umeme ukipita, ukanda unapata joto, unapinda, na mshale unasogea.

Joto haliendi haraka. Ndiyo maana kwenye magari hayo ukiwasha ufunguo mshale unapanda kama mzee anayepanda ngazi. Huo si ubovu! Ule uzembe ndio uliofanya mshale utulie kwenye barabara mbovu. Wahandisi walichagua geji isiyo na haraka kuliko geji isiyotulia.

Lakini joto hutegemea volti, na volti ya gari hupanda kutoka 12 hivi hadi 14 injini ikiunguruma. Kwa hivyo wakaongeza kidhibiti volti: Smiths wa Uingereza walitumia volti 10, Ford wa Marekani wastani wa volti 5. Kama gari lako ni la aina hiyo, na geji ya mafuta na ya joto zote zimepanda kupita kiasi kwa pamoja, usiguse tangi. Kagua hicho kidhibiti kwanza.

Kila mtu na omu zake

Hakukuwa na kiwango kimoja. Geji za General Motors zilisoma omu 0 tangi likiwa tupu na 90 likijaa. Ford walienda kinyume: 73 tupu, 10 limejaa. VDO wa Ujerumani wakawa na 10 hadi 180. Sisi waandika programu tunalijua tatizo hili: pande mbili zinazungumza lugha tofauti na hakuna anayelalamika, jibu tu linakuwa baya. Ndiyo maana fundi akikuwekea boya la gari jingine kwa sababu "linaingia", mshale unaweza kusema F ukiwa huna kitu.

Rezista nayo huchakaa. Mwaka 2004 petroli yenye salfa nyingi iliharibu boya za magari mengi Florida na Louisiana, kwa sababu salfa hula sehemu za fedha zinazogusana. Mshale unaoruka kila mara ukifika mahali palepale ni dalili ya rezista iliyolika.

Programu yaingia

Siku hizi waya wa boya huingia kwenye kompyuta ya gari, nayo ndiyo inayoamuru mshale. Hesabu yake huwa karibu na hii:

kipya = 0.95 × cha zamani + 0.05 × kipimo

Yaani kipimo kimoja hakiaminiwi sana. Ni uzembe ule ule wa ukanda wa joto, ila sasa umeandikwa. Magari mengi pia huamini kwamba mafuta hayawezi kuongezeka safarini, kwa hivyo ukijaza bila kuzima, mshale unachukua dakika nyingi kupanda. Zima, washa tena, na mara nyingi unaruka mahali pake. (Na kituoni unatakiwa kuzima hata hivyo!)

Kompyuta haikumaliza uongo. Tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliruka Kanada huku geji zake za kompyuta zimekufa. Wakarudi kwenye kijiti cha kupimia, kisha wakakosea hesabu: walitumia 1.77 ya ratili badala ya 0.8 ya kilo. Walihitaji kilo 22,300, wakawa na chini ya nusu. Injini zote mbili zilizima angani, na rubani Robert Pearson akaishusha Gimli kama tiara. Watu wote 69 walipona.

Basi kabla ya kununua geji mpya, jiulize gari lako ni la kizazi gani. Inapanda polepole lakini inafika? Iache. Inaruka? Boya. Zote ziko juu? Kidhibiti volti. Iko kinyume? Omu. Na usipojua, andika kilomita kila unapojaza tangi: hicho ndicho kijiti chako.

Haya, safari njema.