Siku ya Ugonjwa Mpakani



Neno kibarua twalitumia kila siku bila kukumbuka asili yake. Kibarua ni barua ndogo, yaani karatasi aliyopewa mtu wa kazi ya kutwa ili zijulikane siku alizofanya kazi. Katika Kenya ya wakoloni mtu aliandikiwa karatasi ya siku 30, naye alitakiwa azimalize katika muda wa siku 42. Siku aliyofika kazini ilitiwa alama. Siku aliyolala na homa ilibaki tupu, wala haikuwa na mshahara. Karatasi ile ilijua mambo mawili tu: amekuja, au hakuja.

Polisi nao walitiwa katika hesabu hiyo. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mfanyakazi aliyeondoka kabla ya mwajiri kutia sahihi alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Kwa hiyo mtu wa Busia aliyeacha shamba la mzungu akarudi kwao kujiuguza aliweza kutafutwa na askari kama mhalifu.

Jeshi, kwa upande wake, lilipata funzo kwa gharama kubwa. Wapagazi wa Kariakoo, waliochukuliwa Kenya na Uganda kati ya mwaka 1914 na 1918, waliuawa na maradhi, hasa kuhara, malaria na homa ya mapafu, zaidi kuliko risasi. Leo kila askari anajua utaratibu wa kambi: anayeumwa hujiripoti asubuhi, huonwa na mganga, na mganga ndiye anayesema kama ataingia zamu, atapewa kazi nyepesi, au atalala. Kujiripoti mgonjwa si utoro. Kujificha ndio utoro.

Je, raia anayewahudumia watu mpakani hutendewa hivyo? Tororo ilikua kwa reli iliyofika kutoka Kenya katika miaka ya 1920, na kwa kiwanda cha saruji cha miaka ya 1950. Siku hizi, huko na Busia, watu wengi hupata riziki yao mbele ya wateja: dukani, hotelini, benki, na katika afisi za mawakala wa forodha.

Sheria zimebadilika sana. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Miezi miwili ikiisha naye bado mgonjwa, mwajiri aweza kuuvunja mkataba. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 humpa aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za mshahara kamili, na saba nyingine za nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha mganga. Basi wahudumu wawili wa Busia wakiugua siku moja, mmoja upande huu wa mpaka na mwenzake ng'ambo, siku ya nane mmoja aweza kulipwa nusu na mwenzake kamili.

Na yule kibarua je? Sheria ya Kenya humtaja kuwa mtu anayelipwa kila mwisho wa siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akiugua leo, kesho mahali pake pana mtu mwingine. Karatasi ya mkoloni imetoweka, lakini hesabu yake ingalipo.

Hata mwenye mkataba ana malalamiko. Cheti hutaka nauli na foleni ya hospitali, na anayetetemeka kwa malaria ndiye hutumwa kukitafuta. Mwajiri naye ana neno lake: wapo wanaougua kila Jumatatu, na dirisha lililofungwa hufukuza wateja. Hayo ni kweli. Lakini hila ya wachache huchunguzwa kwa mganga na kwa daftari la kazi. Haiponywi kwa kumwadhibu kila mgonjwa.

Tukumbuke mwaka 2020. Malori yalipanga foleni za kilomita nyingi Malaba na Busia, madereva wakingoja majibu ya vipimo vya korona. Serikali zilikubali biashara icheleweshwe ili mgonjwa asivuke bila kujulikana. Basi ni jambo la ajabu mhudumu anayeshika fedha na hati za watu mchana kutwa akaogopa kusema kwamba ana homa, kwa kuwa atakatwa mshahara.

Tangu Februari 2018, marais wa nchi zetu mbili walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, msafiri humaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Waajiri wa pande hizi mbili nao waweza kukubaliana juu ya mambo mawili: kila dirisha liwe na mtu wa akiba, kama kila zamu ya ulinzi ilivyo na wake, na atoaye habari mapema asihesabiwe mkosaji. Jeshi halikuwa legevu kwa kuwa na mganga. Duka halitafilisika kwa kuwa na mtu wa akiba.