Chiriku wawili wa njano: usiuziwe "dume na jike"

Wadau, leo tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee chiriku. Mwenzenu niliwahi kuingizwa mjini, na sitaki na nyie yawakute.

Ilikuwa mkoani Iringa. Jamaa mmoja alikuwa na tundu lenye ndege wa njano, baadhi wadogo, baadhi wakubwa kidogo. Akaniambia wakubwa ni madume, wadogo ni majike. Nikachukua pea, nikaweka tundu dirishani, uwele na maji kila siku, nikawa nasubiri mayai. Miezi mitatu, kimya! Tena yule mdogo, eti jike, ndiye aliyekuwa anaimba tangu alfajiri, mkubwa kazi yake kumfukuza kwenye chakula. Hapo ndipo nikaanza kuchimba kwenye mtandao. Kumbe siyo mume na mke. Ni spishi mbili tofauti kabisa!

Kwa hiyo haya, twende kazi.

Mdogo kitaalamu anaitwa Crithagra mozambica, mkubwa Crithagra sulphurata. Ukikuta kitabu cha zamani kimeandika Serinus usishangae, ni walewale. Zamani waliwekwa kundi moja na yule kanari wa kufugwa wa visiwa vya Canary, halafu uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha hawa wa Afrika wana ukoo wao, wakahamishwa. Hilo neno sulphurata linatokana na salfa, yaani rangi ya kiberiti. Sasa hapo ndipo mtego ulipo, maana wote wawili ni wa njano! Ukiangalia unjano peke yake umekwisha.

Anza na kichwa. Mdogo ana paji la njano na nyusi za njano, lakini utosi na kisogo ni kijivu. Ana mstari mweusi unaopita kwenye jicho, na mwingine mweusi unaoshuka kutoka mdomoni kama sharubu. Yaani uso wake umechorwa, unaonekana hata kwa mbali. Mkubwa naye ana nyusi na sharubu, ila kila kitu kimefifia. Utosi wake ni wa kijani chenye michirizi, siyo kijivu, na sharubu ni za kijani kibichi kizito. Uso wake ni kama picha iliyofuliwa na sabuni ya unga.

Halafu mdomo. Huu kwangu ndiyo ushahidi mkubwa ndege akiwa ametulia. Wa mdogo ni mfupi na mwembamba kiasi, wa kuokota mbegu za majani. Wa mkubwa ni mnene, umejaa hadi usoni, wa kuvunjia mbegu ngumu, na matunda pia anakula. Urefu wa mwili: mdogo ni sentimita 11 hadi 13, mkubwa kama 15 hivi. Lakini jamani, ukimwona mmoja peke yake juu ya mti huwezi kupima sentimita mbili kwa macho. Usitegemee ukubwa mpaka uwaone pamoja.

Alama ya uhakika mimi niliipata siku nilipofungua tundu. Ndiyo, niliwaachia. Yule mdogo aliporuka tu, sehemu ya kiunoni, pale juu ya mkia, ikang'aa njano kama taa, na ncha ya mkia ina weupe. Mkubwa akafuata: kiuno cha kijani-njano kisichotofautiana sana na mgongo, mkia hauna weupe. Sekunde mbili tu, lakini zilinifundisha kuliko miezi mitatu ya dirishani.

Tabia nazo zinasaidia. Mdogo anapenda kundi, mnawaona wengi chini kwenye majani makavu, kando ya shamba, mara nyingi wamechanganyika na ndege wengine wala mbegu. Mkubwa utamkuta mmoja, wawili, au wachache, vichakani na kwenye miti. Kwa sauti, mdogo ana wimbo mtamu wa haraka haraka, mkubwa ana sauti nzito zaidi na haendi mbio.

Wako wapi? Mdogo ameenea sana Tanzania, na Kenya yuko pwani na magharibi. Mkubwa ni zaidi wa nyanda za juu. Iringa wapo wote, ndiyo maana jamaa yangu alipata wa kuchanganya.

Angalizo: majike wa aina zote mbili wamefifia kuliko madume wao, ila ukubwa na mdomo ni uleule wa aina yao. Watoto wa yule mdogo wana vidoti kifuani. Na ukiona ndege wa njano mwenye mdomo mrefu uliochongoka, mgongo una michirizi na hana sharubu hata kidogo, huyo labda ni mnana jike. Huyo usitarajie akuimbie.

Lingine wengi hawalijui. Huyu mdogo ni maarufu sana kwenye matundu ya Wazungu kwa sababu ya uimbaji wake. Walisafirishwa mpaka wengine wakatoroka, leo wanazaliana porini Hawaii na Puerto Rico! Umoja wa Ulaya ulizuia kuingiza ndege wa porini mwaka 2005 kwa ajili ya mafua ya ndege, na 2007 zuio likawa la kudumu. Huku kwetu Sheria ya Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kukamata bila leseni, na Kenya wana ya kwao ya 2013. Mimi wakati nanunua sikuwa hata nimeuliza. Jamaa naye hakuonyesha karatasi yoyote.

Mwenye picha ya hawa wawili wakiwa wamekaa tawi moja aitupie hapo chini, na aseme ni wa wapi.