Fundi Aliyebaki Dukani

Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kitty Hawk katika jimbo la North Carolina, Marekani, Orville Wright aliruka kwa sekunde 12 na kutua mita 37 mbele. Siku hiyo yeye na kaka yake Wilbur waliruka mara nne, na safari ya mwisho, ya Wilbur, ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260. Watu watano walishuhudia. Fundi aliyeiunda injini hakuwa miongoni mwao. Charles Taylor alikuwa Dayton, Ohio, zaidi ya kilomita 800 kutoka hapo, akiwaangalizia ndugu hao duka lao la baiskeli.

Taylor alizaliwa tarehe 24 Mei 1868 huko Illinois, akakulia Nebraska. Shule aliiacha akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akajifunza kazi kwa kuishika. Mwaka 1894 alimwoa Henrietta Webbert, na miaka miwili baadaye wakahamia Dayton. Ami yake Henrietta ndiye aliyewapangisha akina Wright jengo la duka lao, na kwa njia hiyo wakajuana. Juni 1901 Wilbur na Orville walimwajiri kwa dola 18 kwa wiki, sawa na senti 30 kwa saa. Alikotoka alikuwa akilipwa senti 25. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli na kushika duka wenyewe wakiwa safarini kujaribu ndege zao zisizo na injini. Kwa injini alikuwa mgeni. Aliwahi tu kujaribu kuitengeneza moja ya gari.

Mwishoni mwa 1902 akina Wright waliwaandikia watengenezaji wa magari wakitafuta injini ya nguvu farasi 8, yenye uzito usiozidi kilo 90 hivi. Hawakupata ya kuwafaa. Wakamgeukia mtu wao wa dukani.

Hakukuwa na michoro kamili. Mmoja wao alichora kipande alichokuwa nacho akilini kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, Taylor akaibandika mbele ya meza yake ya kazi na kuanza. Mashine zake zilikuwa chache: ya kukerezea, ya kutobolea, na vifaa vya mkono. Kwa zana hizo za duka la baiskeli ilimbidi atengeneze krenkishafti, ule mhimili wenye viwiko unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Yeyote aliyewahi kusimama gereji injini ikifunguliwa anajua kwamba hicho si kifaa cha kubahatisha, kwani kikipinda kidogo tu, injini yote inaharibika.

Taylor alichukua bamba la chuma kigumu lenye uzito wa kilo 45 hivi. Akachora juu yake umbo la krenkishafti, akatoboa matundu mengi yaliyopangana kufuata mstari huo, kisha akashika nyundo na tindo na kuvibomoa vipande visivyotakiwa. Kilichobaki akakipeleka kwenye mashine ya kukerezea, akakisawazisha polepole mpaka kikafikia kipimo. Alipomaliza, lile bamba lilikuwa limebaki kama kilo 9. Zaidi ya theluthi mbili ya chuma ilikuwa chini, sakafuni.

Bloku ya injini ilisubiwa kwa alumini katika kiwanda cha hapo hapo Dayton, jambo la kuthubutu kwa zama hizo. Silinda zilikuwa nne. Injini haikuwa na kabureta tunayoijua wala plagi. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kwenye kitangi kidogo kilichofungwa juu, ikageuka mvuke kwa joto la injini, na cheche zilitoka kwenye vyuma viwili vilivyogusana na kuachana ndani ya silinda. Kazi yote ilichukua wiki sita.

Tarehe 12 Februari 1903 waliiwasha. Kesho yake beringi zikakwama na bloku ikapasuka. Ikasubiwa nyingine, ikafika Aprili, na Taylor akaanza tena. Injini hiyo ya pili ilitoa nguvu farasi 12, nusu zaidi ya ile waliyokuwa wameiomba.

Hata huko Kitty Hawk, mikono yake ilihitajika. Mihimili ya rafadha, yaani mapanga yanayoisukuma ndege, ilipasuka zaidi ya mara moja wakati wa majaribio. Mwisho wa Novemba Orville alipanda treni kurudi Dayton, wakatengeneza mihimili mipya ya chuma kisicho na uwazi ndani, na tarehe 11 Desemba akawa amerejea kambini nayo. Siku sita baadaye ndege ikaruka.

Taylor alitamani kujifunza urubani, lakini akina Wright hawakukubali kumfundisha. Walimhitaji chini. Tarehe 17 Septemba 1908 alikuwa Fort Myer, karibu na Washington, rafadha ilipovunjika angani na ndege ya Orville ikaanguka. Orville aliumia vibaya. Abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, alifariki, akawa mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini.

Mwaka 1911 rubani Calbraith Rodgers alimchukua Taylor kwa dola 70 kwa wiki amfuate kwa treni huku yeye akivuka Marekani kwa ndege. Safari ya kutoka New York hadi Pasadena, California, ilichukua siku 49, na ndege ilianguka mara nyingi kiasi kwamba ilipofika, vipande vichache tu vilikuwa ni vile ilivyoondoka navyo. Rodgers alipokewa kama shujaa. Ndege hiyo iliwezaje kuruka tena na tena? Jibu lilikuwa ndani ya behewa la vipuri.

Miaka ya baadaye haikumhurumia. Mwaka 1928 alihamia California, akapoteza akiba yake katika biashara ya ardhi. Henrietta akafariki mwaka 1930. Katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Taylor alikuwa kibarua katika kiwanda cha ndege cha North American huko Los Angeles, kwa senti 37 kwa saa. Senti saba tu zaidi ya mshahara wa 1901, katika tasnia aliyoiundia injini yake ya kwanza, na waliofanya kazi naye hawakujua ni nani.

Mtengenezaji wa magari Henry Ford ndiye aliyemtafuta, amsaidie kurejesha duka la akina Wright katika makumbusho yake ya Greenfield Village, Michigan. Taylor alijua kila mashine ilisimama wapi. Mwaka 1945 alipatwa na mshtuko wa moyo, hakuweza kufanya kazi tena. Orville hakumsahau: katika wasia wake alimwachia dola 800 kwa mwaka. Bei za vitu zilipopanda, fedha hizo hazikutosha, na mwaka 1955 mwandishi wa habari alimkuta Taylor katika wodi ya maskini ya hospitali ya umma ya Los Angeles. Hapo ndipo watu wa sekta ya ndege walipochanga fedha, wakamhamishia mahali pa kumtunza. Walikuwa wamechelewa mno.

Alifariki miezi michache baadaye, tarehe 30 Januari 1956, miaka minane kamili tangu siku aliyofariki Orville. Siku yake ya kuzaliwa, 24 Mei, sasa ni siku ya mafundi wa ndege nchini Marekani, na fundi aliyetimiza miaka 50 kazini hupewa tuzo yenye jina la Charles Taylor.